Vyuo Vitatu na Mashua Yenye Kiu

Tangu nirudi kisiwani kwetu Koyama, kila anayekutana nami huniuliza swali, kisha hujijibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Wenye mzaha huuliza kama nimeshabatizwa. Wenye huruma huuliza kama nimeshafeli. Nyinyi rafiki zangu mmeuliza jambo moja tu: "Ilikuwaje, Lali?" Nami siwezi kusimulia jambo kwa mdomo bila kurudi nyuma kusahihisha sentensi yangu mwenyewe, kwa hiyo nimeona niandike, nisahihishe peke yangu, kisha muyapate maneno yakiwa safi.

Mnajua kwamba najifundisha kuimba kwa simu. Mnajua pia kwamba vipokea sauti vyangu vya masikioni vimekufa upande mmoja, kwa hiyo muziki wote wa dunia nimeusikia kwa sikio la kushoto. Nilijifundisha kupumua kwa tumbo, kushusha mabega, kutetemesha midomo ili koo lilegee. Nilijifundisha kila kitu isipokuwa kuridhika. Katika harusi ya Athman niliposhuka nusu sauti katika mstari mmoja, asubuhi yake nilikwenda mlangoni kwa bwana harusi kumwimbia mstari ule upya, sawasawa. Hakunishukuru.

Basi nilitafuta chuo kinachofundisha sauti ya mwanadamu, na kila kilichojitokeza ng'ambo ya mpaka, kule Kenya, kilikuwa cha Kikristo. Wenzetu hao wamejenga kwaya kama sisi tunavyojenga mashua: kila kijiji kina yake, na kila kijiji kinaamini kwamba ya jirani inavuja. Nikaandikiana nao, na vitatu vikakubali kunisikiliza kwa simu ya video, vyote siku moja. Majina yake nayaficha. Nitaviita kwa picha vilizoweka mtandaoni.

Cha kwanza ni Chuo cha Mnara. Kina mnara, na chini ya mnara wanafunzi wamevaa majoho, midomo yote imefunguka kwa upana mmoja, utadhani imepimwa kwa kifuu cha nazi. Cha pili ni Chuo cha Nyasi. Nyasi zake ni za kijani hata simu yangu ilipata joto kuzionyesha, na juu yake vijana wamekaa na vitabu vya muziki wakicheka. Sijui ni kitabu gani cha muziki kinachochekesha kiasi kile. Cha tatu kina picha moja tu, ina ukungu, na mwimbaji wa mstari wa mbele amefumba macho kama aliyeingiwa na moshi. Hicho nilikiita Chuo cha Picha Moja, nikakiweka mwisho. Mtu asiyeweza kupiga picha yake vizuri, nilijiambia, atawezaje kunyoosha sauti ya mwenzake?

Mama alinisikiliza huku akikuna nazi.

"Vyuo vitatu?" akasema kwa Kibajuni chetu, ambamo mtu huitwa mchu. "Mchu haozwi wake watatu siku moja. Nenda, chagua kimoja, uje uniambie. Ndipo nami nitasema ndiyo au la."

"Sawa, mama."

"Na uwaulize jambo moja. Magharibi ikiingia, utakuwa wapi?"

Hilo ndilo lililokuwa shingoni mwangu safari nzima: nirudi na chuo kimoja ambacho mama atakikubali. Siku ile ya kusikilizwa ingenipita, mlango ungefungwa hadi mwaka mwingine, na mwaka mwingine labda nisingekuwa na ujasiri tena.

Koyama hadi Burgao: kwenda kaskazini kwa njia ya kusini

Mtandao wa kuaminika uko Kismayo, na Kismayo iko kaskazini. Sisi tulielekea kusini.

"Amu," nikamwambia ndugu yake marehemu baba, Amu Famau, mwenye ile boti ya fiberi, "Kismayo si huku."

"Kismayo haiendi popote," akajibu. "Kamba mawe wako Burgao, na wao wakifa hawafufuki. Wewe ukichelewa utakuwa hai."

Alikuwa na mnunuzi Kismayo aliyetaka kamba walio hai. Mimi nilikuwa mzigo wa ziada. Njiani akanitazama nikitetemesha midomo, brrrr, brrrr, kama nilivyojifundisha.

"Una homa?"

"Napasha sauti, amu."

"Hebu nieleze tena. Unakwenda kusomea nini?"

"Kuimba."

"Na sasa hivi unafanya nini?"

Nikamweleza habari za mbinu, za koo, za mbavu. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayesikiliza ndoto ya mwenzake. Nilipomaliza akanipa ndoo nitoe maji ndani ya boti.

Hapa nieleze shida yangu, hasa kwa yule kati yenu aliyekulia bara. Vyuo vyote vitatu vilitaka niimbe peke yangu, bila ala, bila sauti nyingine yoyote. Wimbo niliouchagua ni wa kuvuta mashua, maana ndio ninaoujua hadi mifupani. Anayeita husema, "Mashua ina kiu!" na wavutaji huitika, "Ipeni bahari!" Mashua husogea wakati wa kuitika, kwa sababu wakati wa kuita watu wanashika pumzi na kukaza kamba. Kwa hiyo anayeita asipoitikiwa hurudia mstari uleule. Hawezi kuruka kwenda wa pili akawaacha watu nyuma na chombo mchangani.

Sasa jaribuni kuimba wimbo huo peke yenu kisiwani kwetu. Nilijaribu nyuma ya nyumba, wanawake kisimani wakaitika. Nilijaribu kwenye mikoko, mtu asiyeonekana akaitika, na hadi leo sijui ni nani. Nilijaribu ndani, nimejifunika shuka, bibi wa nyumba ya tatu akaitika kupitia ukutani, kisha akauliza ni mashua ya nani inashushwa na kwa nini hakuambiwa. Kwetu kuacha wimbo bila kuuitika ni kama kusikia hodi ukanyamaza. Nilikuwa sijawahi kuufikisha mwisho nikiwa peke yangu, na kosa niliona ni lao.

Burgao: mbuzi wenye sikio zuri

Kamba hawakuwa tayari. Mwenye nao alisema kesho. Kesho akasema kesho. Amu Famau hakusononeka. Alikula papa mkavu wa kukaanga na wali wa nazi kwa rafiki zake, akalala mchana, akaamka akauliza kama kuna papa aliyebaki. Mimi niliona siku yangu ya mtihani ikisogea, nikawa sili, kisha nikawa nakula maradufu kwa wasiwasi.

Asubuhi moja nikatoka hadi nyuma ya kijiji, mahali pasipo na mtu, nipashe sauti. Nikaanza, brrrr, brrrr, kwa bidii, macho nimefumba. Nilipoyafumbua nilikuwa nimezungukwa na mbuzi. Weupe, vichwa vyeusi, wananitazama mdomoni. Nikarudi nyuma, wakanifuata. Nikanyamaza, wakaanza kulia.

"Waryaa!" Mfugaji Msomali alikuja mbio, fimbo mabegani. "Mbuzi wangu unawapeleka wapi?"

"Siwapeleki popote, walaal, ndugu yangu. Wamekuja wenyewe."

"Hawaji wenyewe. Umewaita."

"Nilikuwa nafanya mazoezi ya sauti."

Akanitaka nimwonyeshe. Nikatetemesha midomo. Mbuzi wote wakanyanyua masikio, na wawili waliokuwa wamebaki kichakani wakatokea.

"Hiyo ni sauti ya maji," akasema, akinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyezaliwa baharini. "Sisi tukifika kisimani tunawaita hivyo. Umewaambia maji yapo."

"Sikujua."

"Wao wanajua. Twende."

"Twende wapi?"

"Kisimani. Aliyewaita ndiye anayewanywesha. Utawadanganya wanyama?"

Nilijaribu kumweleza kwamba nina mtihani wa kuingia chuo kikubwa cha muziki. Akasema vizuri sana, kisima kiko hapo karibu. Nikateka maji hadi mikono ikawaka, mbuzi wakanywa mmoja mmoja bila haraka, yeye akaketi juu ya jiwe akinitia moyo. Mwisho alinipa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, akasema kwamba sauti yangu ni nzuri, ina wafuasi.

Siku iliyofuata kamba wakaja. Walifunikwa magunia mabichi na kuwekwa chini ya turubai, kivulini. Mimi niliketi juani.

Burgao hadi Fuma, tukipita nyumbani

Kutoka Burgao kwenda Kismayo lazima upite Koyama. Nilimwomba Amu Famau tupite kwa nje, mbali na ufuo. Akakata kona akaingia ndani kabisa kumpungia mkono mke wake. Mama alikuwa pale ufuoni, na nyuma yake, kama mnavyokumbuka, mlikuwa nyinyi.

"Umeshachagua?" mama akapaza sauti.

"Bado, mama! Ndiyo kwanza tunakwenda!"

"Siku zote hizo ulikuwa wapi?"

"Burgao!"

"Burgao kuna chuo?"

Vicheko vyenu nilivisikia hadi tulipopita mwamba. Nawasamehe.

Nilipoona Fuma mbele nikapata wazo. Upande mmoja wa kisiwa hauna nyumba hata moja. Nikamwambia Amu Famau kwamba nahitaji mahali pa kimya kidogo tu, niimbe wimbo mzima mara moja, peke yangu, niujue mwisho wake. Akatazama kamba, akanitazama mimi, akahukumu kwamba wote tuna muda kidogo. Akaniteremsha.

Nikatembea hadi nikafika penye miamba na ndege tu. Hapakuwa na mtu wa kuniharibia. Nikasimama sawasawa, mabega chini, pumzi tumboni.

"Mashua ina kiu!"

Kimya. Kimya nilichokitafuta tangu nianze kujifundisha. Nikangoja kidogo, kisha nikafungua mdomo kuimba mstari wa pili. Uliotoka ni wa kwanza.

"Mashua ina kiu!"

Nikajikemea. Nikaanza upya. Nilifika mwisho wa mstari, na mwili wangu ukasimama wenyewe, kama punda aliyefika kwao. Niliukumbuka mstari wa pili vizuri, nimeuimba tangu utotoni. Haukutoka. Nikarudia ule wa kwanza, nikarudia tena, kila mara sauti ikiwa safi zaidi na moyo ukiwa mzito zaidi. Ndipo nilipotambua jambo ambalo simu yangu haikunifundisha kwa sikio lolote: kumbe sikuwa nikisumbuliwa na wanaoitika. Bila wao sikuwa na wimbo. Nilikuwa na mstari mmoja.

Kutoka kwenye boti, mbali, ikaja sauti ya Amu Famau, kavu, imechoka:

"Ipeni bahari, jamani! Ipeni! Kamba wanakufa!"

Na mstari wa pili ukatoka papo hapo, bila kuuomba.

Kismayo: studio ya magodoro

Shangazi Esha, dada yake Amu Famau, anaishi Kismayo tangu ujana wake, na amechukua desturi za mji isipokuwa moja: hajakubali ndizi mbivu iliwe pamoja na wali. Alinipa sahani ya wali wa bizari na nyama ya mbuzi, akaiweka ndizi pembeni mbali, kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Kula. Huko kwa Wakristo watakupa nini?"

"Sijui, shangazi. Ugali, nadhani."

"Bila nazi?"

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nikaliongeza kwenye hofu zangu.

Mtandao mzuri mtaani kwake uko kwa Abdi Nuur, muuza magodoro. Yeye ni mtu mwema na mwoga kwa kiasi kinachofaa katika mji ule. Si kila jirani anapenda kusikia mtu mzima akiimba mchana, kwa hiyo alinipeleka stoo, akanipangia magodoro kuta nne na moja juu.

"Hapa hata ukilia hakuna atakayesikia," akasema kwa fahari.

Shangazi Esha akaja pia, akakalia godoro la bei kubwa, akashika simu yake ili anirekodi, mama asije akasema tumemficha kitu.

Chuo cha Mnara kikaita. Watu watatu walikaa mstari mmoja, nadhifu, wakitabasamu kwa upana mmoja.

"Hebu tuimbie, kijana."

"Mashua ina kiu!"

Nikasimama. Wakatabasamu. Nilijua sipaswi kungoja kuitikiwa, na nilingoja. Hofu ikanigandisha, sikupepesa hata jicho. Kisha nikafanya ninachojua.

"Mashua ina kiu!"

Yule wa kati akamwinamia mwenzake. "Naona amekwama."

"Ndiyo, picha imeganda. Sauti nayo inajirudia."

"Ni mtandao wa huko."

Nilitaka kusema kwamba sijakwama, lakini mtu aliyekwama anasemaje kwamba hajakwama? Wakakata, wakapiga tena. Nikaimba mstari wangu. Nikawatazama.

"Amekwama tena," wakasema kwa masikitiko ya kweli, wakaandika kwamba watanifikiria mtandao wa Somalia utakapoboreka. Suala la magharibi hata sikulifikia.

Nilikunywa chai ya Abdi Nuur yenye hiliki. Chuo cha Nyasi kilipoita nilikuwa nimeapa kutomngoja mtu. Nikaumeza mwanya wa kuitikiwa kabla mwili haujasimama. Mstari wa kwanza ukaushika wa pili, wa pili ukaukanyaga wa tatu, hadi nikafika mwisho bila kuvuta pumzi ya kutosha, kila noti mahali pake. Bwana aliyenisikiliza alipiga makofi.

"Safi! Sauti safi, pumzi safi, kila kitu safi. Nafasi ipo, Lali. Utujibu kabla ya mwisho wa wiki."

Abdi Nuur akainua mikono juu kumshukuru Mungu. Mimi nikajikaza.

"Nina swali. Mimi ni Mwislamu. Wakati wa magharibi nitakuwa wapi?"

"Sisi tunakaribisha watu wa imani zote."

"Nashukuru. Lakini magharibi ikiingia, nitakuwa wapi?"

"Sisi," akasema, kwa tabasamu lilelile, "tunakaribisha watu wa imani zote."

Nikatazama simu. Nilidhani safari hii yeye ndiye aliyekwama.

Alipokata nikamgeukia Shangazi Esha nipongezwe.

"Umeimba kama mchu anayefukuzwa na mbwa," akasema. "Mashua hiyo nani ameivuta?"

"Hakuna mashua, shangazi. Ni mtihani."

"Ndiyo maana haikusogea."

Abdi Nuur alikuwa akiniambia nizime simu, nimeshapata chuo chenye nyasi, wateja wanangoja magodoro yao. Nakiri nilitaka kumsikiliza. Lakini nilikuwa nimeahidi vyuo vitatu, na mimi sijui kuacha kitu kikiwa na kona moja iliyobaki.

Chuo cha Picha Moja kikaita. Picha yao ya video nayo ilikuwa na ukungu. Mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, alikaa mbele. Nyuma yake wanafunzi wanne watano wanabeba viti. Akajitambulisha kuwa mwalimu wa sauti, akaomba radhi kwa kelele za viti.

Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nikaimba kama nyumbani.

"Mashua ina kiu!"

Mdomo ukajifunga wenyewe. Nikangoja. Mwalimu akanitazama, akakunja uso kidogo, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mlango. Nikasema moyoni, haya, sasa atasema nimekwama. Akageuka nyuma akawanong'oneza wenye viti. Kisha, kwa kuchelewa, sauti ikikatika na kurudi, wakaitika wote kwa pamoja:

"Ipeni maji!"

Maneno hayakuwa yenyewe. Hawakuyajua, wangeyajuaje? Lakini mahali palikuwa penyewe. Ulimi uliniwasha kusahihisha, mnajua jinsi unavyoniwasha, na kwa mara ya kwanza maishani nikasikia kosa nikaliacha lipite.

"Mbao zinalia!"

Mara hii mbele ya duka mtu aliyekuja kuchagua godoro, Mbajuni mwenzetu bila shaka, akaitika "Ipeni bahari!" kupitia magodoro manne ya Abdi Nuur. Shangazi Esha akaitika naye kutoka pale alipokalia. Na walipomaliza wao ndipo ikafika, imechelewa, ile ya Kenya: "Ipeni maji!" Tukaenda hivyo hadi mwisho, tukiivuta mashua moja kutoka fukwe mbili. Abdi Nuur alisimama mlangoni anatazama barabarani kwa hofu, na mguu wake, niliuona, unapiga chini.

Mwalimu akafuta uso.

"Lali, ulikuwa unatusubiri?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi tusamehe, tulichelewa." Kisha akabadilika, akawa mkali. "Ukipanda juu unabana koo. Katika mstari wa nne umelibana kabisa, sauti ikapita puani. Umejifundisha mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Inasikika. Tutalifungua, lakini itachukua muda na utalia."

Sijawahi kufurahi hivyo. Ule mbano wa mstari wa nne niliujua. Nimeusikia miaka yote kwa sikio langu moja, na hakuna mwingine aliyewahi kuusikia.

Nikamuuliza swali la mama.

"Magharibi?" akasema. "Mazoezi yetu ni jioni. Tuna kijana wa besi kutoka Garissa, Mwislamu kama wewe. Akienda kusali, sisi tunapanga viti. Akirudi, tunaanza. Tulijaribu siku moja kuanza bila yeye, ikawa nyumba isiyo na msingi. Utakwenda naye."

"Na viti?"

"Viti tutapanga sisi. Lakini sikufichi, hiki ni chuo cha kanisa. Nyimbo za kanisa utazisikia kila siku. Nyingine utaziimba kwa ajili ya somo, nyingine utakaa usikilize. Mwambie mama yako hivyohivyo, asije akasikia kwa watu."

Kurudi Koyama

Mngedhani mambo yalikuwa yameisha. Hamnijui basi. Njia nzima nilikuwa nimekaa juu ya godoro jipya la mama, zawadi ya Shangazi Esha, nikipima. Chuo cha Nyasi kilikuwa na jina, kumbi, nyasi. Kilikuwa kimenikubali bila dosari. Cha Picha Moja kilikuwa kimeniahidi machozi. Nilimsomea Amu Famau hoja za upande huu na za upande ule, nikirudi nyuma kuzisahihisha.

"Cha Nyasi kilinikubali palepale, amu. Hawakusita."

Amu Famau akarekebisha mashine.

"Kamba wangu wote walikubaliwa palepale," akasema. "Hukuwaona wakifurahi."

Tulifika maji yakiwa yamejaa. Mama alikuwa ufuoni. Hakutazama godoro.

"Kimoja?"

"Kimoja, mama," nikasema, na niliposikia nimesema nikajua ni kweli. "Lakini sikiliza kwanza."

Nikampa simu yangu, yenye ile ya Chuo cha Picha Moja aliyorekodi Shangazi Esha na kunitumia. Wanawake wakasogea, nanyi mkasogea. Nikamweleza kuhusu viti na kijana wa Garissa, nikamweleza na habari za nyimbo za kanisa, hivyohivyo nilivyoambiwa. Akabonyeza.

Sauti yangu ikatoka, nyembamba, ndani ya magodoro: "Mashua ina kiu!"

Kisha ule mwanya. Ule wa Mwalimu kukunja uso na kunong'ona. Mama alikaza macho kwenye simu, akaangalia huku na huku kama mtu aliyesikia hodi na wenye nyumba wamelala. Hakuvumilia.

"Ipeni bahari!" akaitika, kwa sauti yake yote, kuiambia simu.

Na simu, ikiwa imechelewa, ikamjibu: "Ipeni maji!"

Mama alishtuka akaitazama kama imemtukana.

"Maji? Mashua haipewi maji! Mashua ikipewa maji huzama! Nani amewafundisha wachu hawa?"

"Hakuna aliyewafundisha, mama. Walikuwa wananiitikia tu."

Akaiacha simu iendelee mkononi mwake hadi mwisho. Kisha akajifuta mikono kwenye leso, akaninyooshea simu yangu.

"Wanaitika vizuri," akasema. "Lakini watazamisha mchu. Unakwenda lini?"